Muuguzi, Mlinzi na Karatasi za Njano

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wewe uliyechagua benchi la karibu na mlango ili utoke kabla ya sadaka ya pili, kaa vizuri zaidi, maana hii habari inaanzia mlangoni.

Kwenye mji mmoja wa milimani, si huu wetu, msianze kutazamana, palikuwepo muuguzi wa wodi ya watoto. Mama wa makamo, mnene wa furaha, mwenye sauti ya kuweza kumnyamazisha mtoto anayelia na kumliza daktari aliyenyamaza. Miaka thelathini na kitu anachoma sindano. Wapo watu wazima mjini mle, wana ndevu, wana vitambi, wakimwona sokoni wanajishika makalio bila kujua kwa nini.

Muuguzi huyu alikuwa na gari. Niseme gari kwa heshima yake. Kilikuwa kigari chekundu, kizee, kinakohoa kuliko wagonjwa wake. Mlango wa dereva ulifunguka kwa ndani tu, kwa hiyo akitaka kupanda aliingiza mkono dirishani kujifungulia, kama mtu anayeiba gari lake mwenyewe. Lakini lilimfikisha. Alikokuwa anakaa, ng'ambo ya mlima, hakuna usafiri wa kumtoa mtu alfajiri akawahi zamu ya saa moja. Bila kigari kile, watoto wale wangeamka na kumkuta hayupo.

Sasa, jambo alilokuwa analitaka yule mama duniani lilikuwa moja. Alitaka kuwa mkuu wa wodi. Miaka tisa alikuwa anaitwa msaidizi. Mkuu aliyekuwepo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na kila mtu, kuanzia daktari hadi mpiga deki, alijua nani anafuata. Na yeye mwenyewe alibakiza miaka miwili astaafu. Maana yake ni nini? Maana yake ni sasa au ndiyo basi. Na utaratibu wa hospitali ulisema hivi: mtumishi mwenye barua ya onyo kwenye faili hapandishwi cheo kwa miaka miwili. Miaka miwili! Mnapiga hesabu wenyewe. Faili lake lilikuwa jeupe kama shuka la siku ya ukaguzi.

Hapo ndipo uongozi ulipoleta utaratibu mpya wa maegesho.

Uwanja wa hospitali ulikuwa mdogo, magari yameongezeka, ambulensi inapiga king'ora nyuma ya gari la mtu wa maabara. Kweli, ilibidi kitu kifanyike. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa sheria. Watumishi wa zamu ya asubuhi watapewa stika ya kijani: wanaingia saa moja, gari liwe limetoka saa nane kamili mchana. Wa zamu ya mchana watapewa stika ya bluu: wanaingia saa nane kamili. Kijani anatoka, bluu anaingia. Atakayekutwa amepitiliza anabandikiwa karatasi ya njano kwenye kioo, faini inakatwa kwenye mshahara, na karatasi tatu ndani ya mwezi mmoja ni barua ya onyo kwenye faili.

Ukiisoma ilikuwa nzuri mno. Ndugu zangu, kwenye karatasi kila kitu ni kizuri. Hata ndoa.

Lakini ndani ya ile kamati hapakuwa na mtu hata mmoja wa wodini. Walikuwepo watu wa ofisini, ambao kwao saa ya kutoka ikigonga, mtu anazima taa, anachukua koti. Wodini hakuna kuzima taa. Wodini kuna makabidhiano. Muuguzi wa asubuhi na muuguzi wa mchana wanazunguka pamoja, kitanda kwa kitanda, na kitabu cha ripoti mkononi. "Kitanda cha kwanza, huyu homa imeshuka, dawa ya saa sita amepata. Kitanda cha pili, huyu hajakojoa tangu asubuhi, mwangalie. Cha tatu, mama yake ana mapacha wengine nyumbani, mruhusu atoke kidogo." Na katika wodi ile ya watoto, kwa desturi yao, kila kitanda kilichokabidhiwa kiliandikiwa saa na dakika, na wote wawili wakatia saini. Vitanda ishirini na vinne. Ukiondoka kabla ya kitanda cha mwisho, hospitali ile ile ina jina lake: kutelekeza wagonjwa. Na hiyo si karatasi ya njano tena, hiyo ni kufukuzwa kazi.

Mmeona? Mwajiri mmoja, mikono miwili. Mkono wa kulia unasema, ukitoka saa nane nakufukuza. Mkono wa kushoto unasema, usipotoka saa nane nakutoza.

Tena bado. Muuguzi wa mchana naye ana gari, anafika getini saa nane kasoro dakika tano. Anaambiwa, uwanja umejaa, subiri kijani atoke. Kijani hawezi kutoka, anamsubiri bluu aje akabidhiwe. Bluu hawezi kuingia, anamsubiri kijani aondoe gari. Yule yuko juu dirishani anapunga mkono: "Panda!" Huyu yuko chini barabarani anapunga mkono: "Shuka!" Wanapungiana kama wachumba waliokatazwa na wazazi, mpaka bluu anachoka, analiacha gari kando ya barabara na kupanda kwa miguu. Na watu wenye akili zao walikaa mezani wakatunga jambo hili!

Na pale uwanjani alikuwepo mlinzi. Mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuwa mgambo, viatu vinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Saa yake ya mkononi aliirekebisha kila asubuhi kwa taarifa ya habari ya redio. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kitabu cha karatasi za njano na kopo la gundi. Na gundi ile, jamani, haikuwa ya kuchezea. Ukitaka kuitoa kiooni ulihitaji wembe, maji ya moto na nusu ya dhambi zako. Wauguzi walimwita Bwana Gundi. Hakuna aliyempenda. Akiingia kantini, meza inakumbuka ina kazi.

Siku ya kwanza yule mama anashuka, saa nane na nusu, miguu inawaka moto, anakuta karatasi ya njano.

"Afande! Ndiyo nini hii? Hukuweza kunisubiri hata kidogo?"

"Sista, sheria inasema saa nane kamili. Haikusema saa nane na huruma."

"Wewe nyumbani huna mke?"

"Ninaye. Na nikichelewa chakula anafunga jiko. Kwa hiyo na mimi nimezoea."

Mama akacheka, hakupenda kucheka, lakini akacheka. Akakwangua kioo kwa wembe, akaenda zake.

Zamu zikazunguka. Wiki iliyofuata, alipopangiwa tena asubuhi, karatasi ya pili. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa amekabidhi mtoto mwenye nimonia, kazi ya kuondoka na roho yako.

"Afande, siku moja utaugua na wewe. Utaletwa humu humu."

"Nikiletwa, Sista," mlinzi akajibu, macho kwenye kitabu chake, "naomba unikabidhi vizuri kwa mwenzako. Usije ukaniacha kitanda cha katikati ukakimbilia gari."

Akalisema akaendelea kuandika. Halafu kalamu ikasimama kidogo. Kama mtu aliyejikwaa kwenye maneno yake mwenyewe. Lakini akamalizia kuandika, akapaka gundi, akabandika.

Karatasi ya tatu ikaja Ijumaa ya wiki ya tatu. Na siku ile ile likatoka tangazo la nafasi ya mkuu wa wodi.

Wenzake wakamzunguka pale chumba cha chai. Mmoja akamwambia, "Dada, mpe yule mlinzi chochote, achane karatasi." Mwingine akasema, "Dada, sisi wengine tunaondoka na kitanda cha kumi, vingine tunaandika tu. Nani anajua?"

"Kitanda cha kumi na moja anajua," akasema. "Hapana. Nitakata rufaa."

Mlidhani rufaa ni neno la mahakamani tu. Akaandika barua kwa mkono, akaomba kitabu cha ripoti cha wodi, akakifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akapanda ghorofani kwenye kamati ya maegesho. Na mlinzi naye akaitwa, asimame pale mlangoni, endapo atahitajika.

Watu watano mezani, chupa ya chai, sahani ya maandazi. Mwenyekiti akasema, "Haya Sista, tueleze. Uliegesha au hukuegesha?"

"Niliegesha, mwenyekiti."

"Ulipitiliza au hukupitiliza?"

"Nilipitiliza."

Kamati ikaangaliana. Rufaa gani hii, mtu anajishtaki mwenyewe?

"Sasa naomba nisome," akasema, akafungua kitenge. "Karatasi yenu ya kwanza, mlinzi ameandika saa nane na dakika kumi na saba. Kitabu cha wodi, tarehe ile ile, saa nane na dakika kumi na saba: kitanda cha kumi na tatu, mtoto wa kike, ameungua kwa uji, kidonda kimebadilishwa. Saini yangu, saini ya mwenzangu. Karatasi ya pili, mlinzi ameandika saa nane na ishirini na tatu. Kitabu, saa nane na ishirini na tatu: kitanda cha kumi na sita, nimonia, oksijeni imeongezwa, asiachwe peke yake. Karatasi ya tatu, saa nane na kumi na tisa. Kitabu, saa nane na kumi na tisa: kitanda cha kumi na nne, mtoto hana nafuu, bibi yake ameambiwa ukweli." Akafunga kitabu. "Waheshimiwa, mnanitoza kwa dakika ambazo mliniajiri nizifanye."

Andazi moja likabaki njiani kati ya sahani na mdomo.

Kwa sababu walielewa. Hawakuwa wajinga, hawakuwa wabaya. Lakini kuelewa kuna gharama yake. Wakikubali kwamba mama huyu ana haki, ina maana sheria ni mbovu. Sheria ikiwa mbovu, karatasi zote ni mbovu, za wauguzi wote, za wodi zote. Na waliosaini sheria ni wao. Wakainamiana, wakanong'ona. Mwenyekiti akainuka na tabasamu. Ndugu zangu, jihadharini na tabasamu la mtu aliyetoka kunong'ona.

"Sista, wewe ni mtumishi mzuri, hatutaki faili lako lichafuke. Na tunajua nafasi iliyo mbele yako. Kuna njia nyepesi. Saa za mikononi hizi huwa zinakimbia. Wewe andika mstari mmoja tu hapa, kwamba saa ya mlinzi si ya kuaminika. Karatasi zako tatu tunazifuta leo, kabla hujashuka ngazi."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi si mtumishi wetu, ni wa kampuni. Tutaomba abadilishwe."

Kila mtu chumbani mle alijua kubadilishwa ni nini. Ni kuvua sare getini na kwenda nyumbani kwa miguu.

Wakamsogezea karatasi nyeupe. Wakamsogezea na kalamu, tena ile nzuri, ya kubofya.

Simameni hapo hapo kidogo. Ungefanyaje wewe? Usinijibu haraka, uko kanisani, utajibu kwa Kikristo. Nijibu kwa lile jibu unalolijua peke yako. Mstari mmoja. Juu ya mtu asiyependwa na yeyote. Mtu aliyekubandikia gundi mara tatu. Hutamwona tena. Na miaka yako tisa inapona.

Yule mama aliishika kalamu. Siwafichi, aliishika. Aliiona ile meza ya mkuu wa wodi, karibu na dirisha, yenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Miaka tisa anaipangusa meza ya mtu mwingine. Alizihisi kucha zake zilivyokuwa zinauma kwa kukwangua ile gundi. Halafu akageuza shingo kumtazama mlinzi.

Mlinzi alikuwa amesimama wima, anatazama ukuta. Hakumwomba kwa macho, hakutikisa kichwa. Ila mkono wa kulia ulikuwa umeifunika saa ya mkono wa kushoto, kama mtu anayefunika macho ya mtoto asione jambo baya.

Mama akaiweka kalamu mezani.

"Mwenyekiti, saa ya huyu bwana haina kosa."

"Sista, fikiri."

"Nimefikiri. Mimi nilikuwa juu wodini, yeye chini uwanjani. Hatukuonana, hatukuulizana, na bado tumeandika dakika ile ile mara tatu. Huyu ndiye shahidi wangu, mwenyekiti. Ushahidi wangu wote umesimama juu ya mikono yake. Leo nikimwita mwongo, nitashinda kwa ushahidi gani?"

"Kwani wewe unataka karatasi zifutwe au hutaki?"

"Nataka! Nazitaka zifutwe leo hii. Lakini zifutwe kwa kosa lililopo, si kwa kosa la kutunga. Huyu hakukosea. Aliyekosea ni saa nane kamili."

Mwenyekiti akaichukua ile kalamu. Akaibofya polepole, ili mama apate kufikiri tena. "Basi zitabaki."

"Basi zibaki. Ila naomba iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba nimesema saa yake ni sahihi."

Ikaandikwa. Akafunga kitabu kwenye kitenge, akashuka. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili Jumatatu.

Lakini siku ile ya kikao, kabla hajamaliza ngazi, mlinzi akamfuata.

"Sista."

"Afande."

"Ungeandika tu."

"Ningeandika nini? Mwandiko wako wenyewe ni mzuri kuliko wangu."

Mlinzi akabana visigino. Akapiga saluti. Mtu wa makamo, kwenye ngazi za hospitali, anampigia saluti mama mwenye kitabu ndani ya kitenge. Akageuka akaenda.

Sasa sikilizeni. Kesho yake yule mama anashuka kutoka wodini, saa nane na nusu. Anafika kwenye kigari chake. Anakuta nini?

Karatasi ya njano! Ya nne! Gundi mbichi!

Wauguzi wenzake waliwaka. "Huyu mtu ana moyo au ana tofali? Jana umemwokolea kazi yake, leo anakubandikia?" Mmoja akavua kiatu, sijui alitaka kumfanya nini. Lakini mama yule alicheka. Alicheka akaegemea kigari, na kigari nacho kikacheza. "Mlitakaje?" akawaambia. "Nimtetee kwamba ni mkweli, halafu kesho yake aanze uongo kwa ajili yangu?"

Kisha akatoa miwani yake, akasoma. Zile karatasi za njano chini kabisa zilikuwa na nafasi imeandikwa Maelezo ya Mlinzi. Tangu sheria ianze hakuna aliyewahi kuijaza. Leo ilikuwa imejaa. Mwandiko ulionyooka kama gwaride: "Saa nane na dakika ishirini na moja. Mhusika hayupo kwenye gari. Nimepanda wodini kuthibitisha. Nimemkuta kitanda cha kumi na tano, anakabidhi mgonjwa. Nimerudi uwanjani. Gari halikuzuia ambulensi."

Mama akaacha kucheka. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili.

Na haikuwa ya kwake tu. Tangu siku ile mlinzi yule alipanda ngazi kila mchana. Gari la wodi ya wanaume, amepanda, ameona, ameandika. Gari la chumba cha wazazi, amepanda mpaka mlangoni, wakamfukuza kwa ndoo, akaandika, "Nimethibitisha kwa sauti." Hakumsamehe mtu hata mmoja. Hakuacha gari hata moja. Alibandika zote, kwa gundi ile ile, na kila moja aliijaza. Mwezi ulipoisha, kamati ikaletewa rundo. Karatasi zaidi ya mia moja, mwandiko wa mlinzi wao, sahihi ya mlinzi wao, kila moja inasema jambo moja: mtu huyu mnayemtoza alikuwa akifanya kazi yenu. Wangesema nini? Kwamba saa yake inakimbia? Muhtasari wao wenyewe ulikuwa umeandika kwamba ni sahihi, kwa ushahidi wa mtu aliyepewa kila sababu ya kusema vinginevyo.

Sheria ikabadilishwa. Stika ya kijani ikaongezewa muda mpaka saa tisa kasorobo, na wa bluu wakafunguliwa uwanja wa nyuma waingie wapokee kwanza zamu. Karatasi zote za njano zikafutwa, na barua zote za onyo zikatolewa kwenye mafaili.

Mnataka kupiga makofi. Pigeni, wanastahili. Lakini pigeni kidogo, kwa sababu sijawaambia habari ya cheo.

Cheo kilikuwa kimeshatolewa. Nafasi haikusubiri mwezi uishe. Alipewa binti mmoja mzuri, mchapakazi, aliyefundishwa kazi na yule mama mwenyewe. Ningekuwa mhubiri wa aina nyingine ningewaambia kwamba wiki iliyofuata mama alipewa cheo kikubwa zaidi, na gari jipya, na milango inayofunguka kwa nje. Hakupewa. Alifanya miaka yake miwili, akastaafu akiwa msaidizi. Siku moja yule binti alimwuliza, wakiwa wawili tu, "Mama, hujutii?"

"Najuta," akamwambia. "Nilikitaka sana hicho kiti chako, usidhani. Lakini kila nikijuta naangalia dirishani, naona wenzangu wanaondoa magari yao bila kukimbia, na watoto wote ishirini na wanne wamekabidhiwa. Basi najuta nusu, nusu nyingine naiachia."

Huyo ni mtu, ndugu zangu. Na mlinzi yule ni mtu. Wawili wasiopendana, hawajawahi hata kunywa chai meza moja, kila mmoja akakataa kumdanganyia mwenzake na akakataa kudanganya juu yake. Kwa wema wa namna hiyo hospitali nzima ikapumua.

Sasa tugeukiane sisi.

Tangu nianze kusema, kila mmoja wenu amekaa ndani ya kile kigari chekundu. Nimewaona. Kina mama mnatikisa vichwa, kina baba mmeshikilia usukani. Kila mmoja ni muuguzi. Wachache wanyenyekevu wamekubali kuwa mlinzi. Nawauliza: katika ukumbi huu mzima, hakuna aliyekaa kwenye ile kamati? Wale watu watano walitoka wapi? Hawakusali mahali? Hawakuwa na kanisa?

Sisi ndio kamati. Sisi ndio tunaompa mtu kazi mbili kwa saa moja, halafu tunashangaa amechelewa. Baba unamwambia mkeo, wageni wangu wale vizuri, na kwa nini hujavaa mpaka sasa. Bosi unamwambia karani, hudumia kila mteja, na kwa nini foleni haiishi. Na tukionyeshwa kosa letu wazi wazi, kwa kitabu na kwa dakika, hatusemi tumekosea. Tunatafuta mtu aliyesimama mlangoni. Tunatafuta mnyonge mwenye kopo la gundi, tumtwishe, abadilishwe, na sheria yetu ibaki nzuri. Maana wengi wetu hatuombi haki. Tunaomba kuponyoka. Na kuponyoka mara zote kunahitaji mgongo wa mtu wa kukanyaga.

Mnasema mchungaji anaongea ya mbali. Haya, tuje karibu.

Kwaya yetu ina faini ya kuchelewa mazoezi ya Jumamosi. Saa tisa kamili. Mnajua nani anaongoza kwa kutozwa? Nimeliomba daftari, nimelisoma. Ni wale kina mama wanne ambao kila Jumamosi tunawaagiza wapike chakula cha semina ya wazee, na semina ya wazee inaisha saa tisa na nusu. Sufuria zao ziko jikoni kwetu, majina yao yako kwenye daftari la faini. Na mnajua nani anachukiwa katika usharika huu kuliko shetani? Katibu wa kwaya. Kwa sababu anaandika. Kuna watu hapa wamekuja ofisini, sitawataja, wameniomba katibu abadilishwe.

Katibu, usiiname. Uko safu ya pili, nakuona. Simama, baba. Watu wakutazame.

Usharika, huyu hajaandika uongo hata mara moja. Sheria ya saa tisa kamili ilipitishwa na kikao cha wazee, na aliyeitia saini chini kabisa ni mimi ninayesimama hapa. Kina mama wanne, tuliwakosea. Katibu, tulikuacha uchukiwe kwa niaba yetu.

Wazee, leo hakuna kutoka baada ya ibada. Tunakutana vestri, kile chumba cha nyuma ya madhabahu. Kina mama mtaingia kwanza, mtakaa, na sisi tutasimama pale mlangoni mpaka mmalize kusema.